Kabla ya kuketi kutazama kalingi ya vijana ukiwa Kisumu

Mara ya kwanza tulipotazama kalingi, mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu kuelekea duara, kwenye kibanda kimoja cha mpira huku Kondele, tulianza watu saba tukamaliza wawili. Mchezo haukuwa na kosa, sisi ndio tuliokuja mikono mitupu. Binamu yangu alishikilia hadi anaondoka kwamba wale vijana, wakisugua barafu kwa brashi, wanapiga deki. Mashindano ya dunia ya vijana wa kiume yanapokaribia tena, nayaandika yale ambayo ningefurahi kuambiwa mapema.

Anza na saa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Ratiba hutolewa kwa saa za mji unaoandaa. Wakati wa baridi sehemu kubwa ya Ulaya iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hivyo mechi iliyoandikwa 14:00 Copenhagen huku ni saa kumi alasiri. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi wao husogeza saa zao, tofauti ikabaki saa moja. Yakifanyika Kanada ni balaa: 19:00 ya Toronto wakati wa baridi ni saa tisa usiku kwetu, na hiyo mimi huiachia marudio. Tenga saa mbili na nusu kwa mechi moja, wakati mwingine zaidi.

Bando na stima unavijua mwenyewe. Chaji simu mchana, shusha ubora wa picha, basi.

Kazi yenyewe iko mezani. Tafuta visoda kumi na sita, vinane vya rangi moja na vinane vya nyingine, uchore duara kwa chaki. Kila timu ina wachezaji wanne, na kila mmoja husukuma mawe mawili katika raundi moja. Duara ndilo nyumba. Uwanjani lina kipenyo cha mita 3.66, na njia ya barafu ina urefu wa karibu mita 45. Mawe yote yakishatupwa, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo pekee inayopata pointi. Hupata moja kwa kila jiwe lake lililomo nyumbani na lililo karibu kuliko jiwe bora la mpinzani. Aliyecheza bano (gololi) utotoni ataelewa kabla hujamaliza kueleza.

Sasa panga visoda tena, safari hii uulize swali moja tu: nani ana jiwe la mwisho? Ukikosa jibu la hili, mechi nzima itakuwa mawe yanayoteleza. Aliyefunga katika raundi hii humwachia mpinzani jiwe la mwisho katika raundi ijayo. Ndiyo maana nahodha mwenye jiwe hilo hutafuta pointi mbili au zaidi. Moja anaiona hasara, kwa sababu anaibadilisha na silaha yake. Na ndiyo maana utamwona, akiwa na nafasi ya kufunga moja, akilipitisha jiwe nje kwa makusudi. Raundi isiyo na pointi humwachia jiwe la mwisho mkononi. Kibandani watu walipiga kelele wakidhani kijana wa watu amekosa shabaha! Naye mpinzani asiye na jiwe la mwisho huweka mawe ya ulinzi mbele ya nyumba, apate kuiba pointi nyuma yake. Kanuni huyalinda mawe hayo mwanzoni: hayaruhusiwi kuondolewa na mpinzani kabla ya jiwe la sita la raundi.

Kuhusu deki, mjibu binamu hivi. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda yakawa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Ukisugua barafu kwa brashi mbele ya jiwe, joto dogo hupunguza msuguano, nalo huenda mbali zaidi na hupinda kidogo tu. Jiwe lenyewe ni la matale, uzito wake kati ya kilo 17 na 20, kama mtungi wa maji wa lita ishirini unaokaribia kujaa. Mengi huchongwa kwa mwamba wa Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti kisichokaliwa na watu.

Chagueni pia wa kumshangilia mapema. Usidharau umri wao: Brad Gushue wa Kanada alitwaa taji la vijana 2001, na dhahabu ya Olimpiki 2006, Niklas Edin wa Uswidi alilitwaa 2004, dhahabu ikaja 2022. Na kwa yule atakayeuliza Mkenya ana nini na barafu, mkumbushe Philip Boit wa huku Eldoret, aliyeteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, michezo ileile ambayo kalingi ilirudi Olimpiki ikitolewa medali.

Mwisho, waonye wenzako kuhusu mikono. Timu iliyozidiwa sana huvua glavu na kuwapa wapinzani mkono kabla raundi hazijaisha, na mechi inakwisha hapo hapo. Sisi mara ile tulidhani stima imepotea kwao.