Programu ya kumiksi: angalia kazi yako na laptopu yako kwanza, jina la programu baadaye

Vijana wanaoanza kurekodi huwa wananiuliza kaka nidaunlodi programu gani ya kurekodi na kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote ziwe wimbo mmoja, na mimi kabla sijajibu nawauliza unarekodi nini na laptopu yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi. Wengi wanashangaa, manake walitegemea nitaje jina tu basi. Lakini anayetengeneza biti na anayerekodi kwaya ya watu 25 kwa maiki nane wana kazi mbili tofauti kabisa, na programu inayomfaa mmoja inaweza kumtesa mwenzie miezi na miezi akidhani tatizo ni masikio yake.

Tuanze na biti. Kama unafanya singeli, bongo fleva au amapiano, ngoma na besi na kinanda unapiga mwenyewe ndani ya kompyuta halafu msanii anakuja kuweka vokali, chukua FL Studio. Ilianza miaka ya 90 ikiitwa FruityLoops na mpaka leo utaratibu wake ni uleule, unatengeneza kipande kifupi halafu unavipanga vipande mpaka wimbo unakamilika, na kwa kazi ya biti hakuna inayonipa raha kama hiyo. Ukiinunua mara moja matoleo mapya unapewa bure. Ila toleo lao la majaribio linakuruhusu kusevu projekti, ukishaifunga sasa, kuifungua tena mpaka ulipie, kwahiyo usianze kazi ya mteja humo hata kama anakuharakisha.

Sasa njoo kwenye kwaya, bendi na taarab, huku ndo watu wanapotea. Umeweka maiki kwa udi, nyingine fidla, nyingine akodiani, waimbaji wana zao mbili, wote chumba kimoja. Sauti ya fidla haikai kwenye maiki yake peke yake, inaingia na kwa waimbaji, ila inafika huko imechelewa kidogo. Ukikata au ukisogeza traki ya fidla, yaani ule mstari wa sauti ya maiki yake, peke yake zile sauti mbili zinaanza kulana, mziki unakuwa mwembamba, besi inapotea na wewe unaongeza ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha besi na sauti kali) haisaidii kitu. Dawa yake ni kukata traki zote kwa pamoja, sehemu ileile, kwahiyo unahitaji programu inayokuruhusu kuzifunga traki kuwa kundi moja ili ukigusa moja zote zinafuata. Reaper inafanya, Cubase inafanya, Pro Tools na Logic pia. FL Studio inaweza kurekodi maiki nyingi ukiwa na saundi kadi nzuri, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, lakini kuediti rekodi ya namna hii humo ni kujichosha, mimi nimejaribu nikaacha.

Mimi kwa kazi hizo natumia Reaper na sababu zangu ni za kawaida tu. Kwanza kuidaunlodi haifiki hata MB 50, kwa mtu wa bando hiyo ni nafuu kubwa sana. Pili inafunguka haraka kwenye laptopu ya RAM GB 4 ambayo programu nyingine zinaisotesha. Tatu unapewa siku 60 za kujaribu na kila kitu kinafanya kazi, kurekodi, kusevu, kutoa wimbo, vyote, halafu leseni ni dola 60 kama unatumia kwa mambo yako binafsi au biashara yako haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Ikwalaiza, kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) na riverbu (ya kuweka mwangwi) zinakuja nazo humohumo. Ubaya wake ni kwamba haina vinanda na ngoma za maana za kutengenezea biti, na ukiifungua mara ya kwanza menyu zake zinatisha, jipe wiki mbili.

Mwenye Mac asihangaike, GarageBand ni ya bure na siku ikimbana anahamia Logic, projekti zake zinafunguka huko bila shida. Pro Tools wana toleo la bure linaloitwa Intro lakini linaishia traki 8 za sauti, kwa kwaya ya maiki nane umeshamaliza na bado hujaongeza hata kinanda. Audacity ni nzuri sana kwa kukata hotuba, kusafisha kelele ya feni, kugeuza WAV (faili la sauti kamili isiyobanwa) kuwa MP3, mimi ninayo siku zote, ila wimbo mzima wa traki 20 nisingekushauri umiksi humo. Na kama una simu tu, BandLab ni bure, anzia hapo, usisubiri laptopu.

Kuhusu kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure, naomba nisikilizwe. Niliwahi kumiksi nyimbo sita za kwaya kwenye programu ya kraki, laptopu ikaja kuanza kuzingua nikahamia nyingine, projekti zikagoma kufunguka kwa sababu plagini (programu ndogo za ziada za sauti) zilezile sikuzipata tena, na faili nililopata mtandaoni badala yake lilikuja na virusi. Zile nyimbo nilizirudia mwanzo mwisho na watu walikuwa wameshalipa. Kuna za bure na kuna za bei ndogo, hatuna sababu ya kuweka jasho la watu kwenye kitu cha wizi.

Sasa namna ya kuamua. Chagua mbili tu, chukua wimbo mmoja ulioshaurekodi, fanya kazi ileile kwenye zote mbili, kata pumzi za muimbaji, panga sauti, weka kompresa kwenye vokali, riverbu moja ya pamoja, toa WAV. Angalia umetumia muda gani na laptopu ilianza kukwamakwama ukiwa na traki ngapi. Halafu jaribu kurekodi vokali huku msanii anajisikia kwenye hedfoni, bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukichakata, iweke 128 manake hapo bafa yenyewe inachelewesha kama milisekunde 3 tu sauti ikiingia na nyingine 3 ikitoka, ukienda kumiksi unapandisha hadi 1024 laptopu ipumue. Ikiwa kwa 128 sauti inakatika, kabla hujailaumu programu angalia kama umeweka dereva ya ASIO ya saundi kadi yako, ile programu ndogo inayofanya sauti ipite haraka kwenye Windows, kwa Windows hilo ndo kosa la kwanza ninalolikuta.

Na umeme, jamani. Washa kujisevu kila dakika tano halafu kwenye projekti ya majaribio zima kompyuta ghafla, uone ukiwasha unakuta kazi yako au unakuta patupu. Nafasi kwenye diski pia ipigie hesabu, traki moja ya ubora wa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa sauti, sio biti ya mziki) na 48 kHz inakula kama MB 8.6 kwa dakika, maiki nane kwa wimbo wa dakika tano ni karibu MB 345, na kwaya hawaimbi mara moja wakapatia.

Mwenzio akiwa anatumia programu tofauti na yako msigombane, mtolee kila traki kama WAV yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, muandikie na spidi ya wimbo kwenye jina la folda, atazipanga kwake na zitakaa sawa.