Vikeki vya Kakao na Viazi Lishe kwa Watoto, Hatua kwa Hatua

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili wa shule ya awali, alikuwa akioka vikeki vya kakao na viazi lishe vya kuwafungashia watoto wake, na kila mara vilitoka vimeumuka vizuri pembeni lakini katikati vikabaki vizito na vibichi kama uji uliopoa. Tulipoingia jikoni pamoja na kupitia kila hatua, ilidhihirika kwamba unga wake, kakao yake na oveni yake havikuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa maji yaliyobaki ndani ya viazi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa kwa muda mrefu kwenye hatua ya viazi, na hatua ambazo kila aliyewahi kuoka keki anazijua nimezipita haraka.

Karoti, boga na bitiruti pia huingia katika keki za kakao, lakini kwa watoto wadogo mimi nashikilia viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Bitiruti ina harufu ya udongo ambayo kakao haiifuniki kabisa, boga lina maji mengi kupita kiasi, na karoti huacha vipande ambavyo watoto wengine huvitoa kimoja kimoja kwa vidole. Kiazi lishe kina utamu wake, hulainika hadi kikawa kama krimu, na rangi yake hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kazi ya kuviendeleza na kuvisambaza viazi hivi barani Afrika ilitambuliwa mwaka 2016 kwa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na miongoni mwa waliotunukiwa ni mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga. Ukipata aina ya Ejumula au Kabode sokoni, chukua bila kusita.

Vikeki 12 vinahitaji gramu 250 za viazi vilivyokwisha kupondwa na kukaushwa (anza na viazi vibichi vya takriban gramu 450), unga wa ngano gramu 120, unga wa kakao gramu 35, sukari gramu 70, mafuta ya alizeti mililita 80, mtindi usiotiwa sukari mililita 60, mayai 2, beking pauda kijiko kimoja cha chai, baikaboneti robo ya kijiko cha chai, chumvi kidogo na iliki nne zilizosagwa. Tafadhali tumia mizani. Kikombe cha viazi vilivyopondwa huzidi au hupungua kulingana na jinsi ulivyovishindilia, na katika mapishi haya tofauti hiyo ndiyo inayoharibu keki.

Sukari hiyo ni chini kidogo ya gramu 6 kwa kila kikeki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,300 kwa siku kiasi hicho ni kama gramu 32. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 lina takriban gramu 35, kwa hiyo mtoto akila kikeki kimoja bado ana nafasi ya kutosha. Usiiondoe sukari yote hata kama una nia njema, kwa kuwa sukari hushika unyevu na kulainisha keki. Watoto wakishazoea ladha hii, ishushe polepole hadi gramu 50. Asali si njia ya kukwepa hesabu hii, maana nayo huhesabiwa kama sukari, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali kabisa.

Hatua ya kwanza: kuchagua viazi

Chagua viazi vya ukubwa unaolingana ili viive pamoja, visiwe na michubuko wala mashimo ya wadudu. Viazi vilivyochimbwa jana havifai kwa kazi hii. Viache mahali pakavu penye kivuli na hewa kwa siku kadhaa hadi wiki moja, navyo vitapoteza sehemu ya maji na kuongeza utamu. Usiviweke kwenye friji vikiwa vibichi, kwa sababu baridi hukifanya kiini kiwe kigumu hata baada ya kupikwa.

Hatua ya pili: kuivisha, kuponda na kukausha

Viazi lishe kwa kawaida huwa na maji mengi kuliko viazi vitamu vyeupe. Ukivimenya, ukavikatakata na kuvichemsha, unaviongezea maji mengine, na maji hayo yote huingia katika mchanganyiko bila kuonekana, kwa kuwa rojo la viazi hubaki zito machoni hata likiwa limelowa. Unga unaoupima hauwezi kuyanyonya yote, hivyo kikeki huumuka kwa mvuke, juu pakakauka, kisha katikati pakashuka mara tu kinapotoka motoni.

Njia ninayoipendelea kuliko zote ni kuviokea viazi vikiwa vizima na ganda lake, katika oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwa dakika 45 hadi saa moja kulingana na unene. Vitobe kwa uma mara chache ili mvuke upate pa kutokea, na utandaze karatasi ya kuokea chini yake, kwa sababu vitadondosha utomvu mtamu unaoganda kwenye trei. Uokaji huu una faida mbili kwa pamoja: maji hupungua, na utamu huongezeka. Kiazi kinapopata joto polepole, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hugeuza sehemu ya wanga kuwa maltosi, ambayo ni sukari yenye utamu wa wastani. Viazi vilivyoivishwa haraka kwa mikrowevu havipati muda huo, na tofauti utaionja mwenyewe.

Asiye na oveni avipike kwa mvuke, pia vikiwa na ganda, juu ya chujio lisilogusa maji. Kuchemsha kuwe chaguo la mwisho, na hata hapo viazi vibaki vizima, na vimenywe baada ya kuiva. Kuvifukia kwenye majivu ya moto hutoa viazi vitamu sana vya kula na chai, lakini harufu ya moshi hushindana na kakao, nami siishauri kwa vikeki.

Vimenye vikiwa bado vya moto, viponde kwa uma au mwiko, kisha vipitishe kwenye chekecheke ili nyuzi zibaki juu. Siipendi blenda kwa kazi hii, kwa sababu rojo zito haliwezi kuzungusha visu vyake, na mpishi hujikuta akiongeza maji au maziwa ili mashine isikwame. Hapo kazi yote ya kuoka inakuwa imepotea.

Sasa weka rojo kwenye kikaango kipana, bila mafuta, juu ya moto mdogo, na ulikoroge kwa mwiko wa mbao. Utaona mvuke ukitoka kwa wingi mwanzoni, kisha ukipungua. Pitisha mwiko katikati ya kikaango: rojo lenye maji hujifunga mara moja nyuma ya mwiko, ilhali lililokauka vya kutosha huacha njia wazi na kuanza kujikusanya kama bonge laini. Viazi vilivyookwa huenda visihitaji zaidi ya dakika tatu, vilivyochemshwa vinaweza kufikia kumi na tano, na vya msimu wa mvua zaidi ya hapo. Usiongozwe na saa. Kwa uhakika zaidi, weka kijiko kimoja cha rojo juu ya kitambaa safi kikavu kwa muda mfupi. Ukiona duara la unyevu likitanuka kuzunguka rojo, rudisha kikaango motoni. Lisipotanuka, pima gramu 250 na uache zipoe kabisa, kwa kuwa rojo la moto litaivisha mayai yako kabla hayajafika kwenye oveni.

Kosa linalofuata baada ya kugundua kwamba mchanganyiko ni mwepesi ni kuongeza unga. Mchanganyiko utakuwa mzito, ni kweli, lakini maji yangali humo, na vikeki vitatoka vigumu nje na vya kutafunika kama mpira ndani. Dawa ni kukausha viazi kabla ya kuchanganya. Ukiwa na haraka, vikaushe usiku na uvihifadhi kwenye friji katika chombo chenye mfuniko, kisha uoke siku inayofuata.

Hatua ya tatu: kakao

Soma kifungashio. Unga wa kakao unaohitajika una kiambato kimoja tu, nacho ni kakao. Ile ya kunywa, iliyochanganywa na sukari na unga wa maziwa, itavuruga hesabu yote ya sukari. Tanzania tuna kakao yetu, nyingi ikitoka Kyela mkoani Mbeya, na unapopata unga wake halisi ambao haujapunguzwa uchachu, utaona una rangi ya hudhurungi nyepesi na ladha kali kiasi. Uchachu huo pamoja na ule wa mtindi ndio unaoamsha baikaboneti. Usizidishe baikaboneti kupita robo ya kijiko, kwani ladha ya sabuni hujitokeza, na usiweke magadi ya mawe ya kulainishia maharage mahali pake.

Pasha mafuta ya alizeti yawe vuguvugu, mimina kakao ndani yake na ukoroge hadi madonge yaishe. Mapishi mengi hutumia maji ya moto kwa kazi hii, lakini mafuta huamsha harufu ya kakao bila kuturudishia maji tuliyohangaika kuyaondoa. Mafuta hayo yana kazi nyingine pia, kwa sababu mwili hufyonza beta-karotini vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Usiyapunguze kwa kudhani kwamba unamfanyia mtoto hisani.

Hatua ya nne: kuchanganya

Piga mayai na sukari, tia mafuta yenye kakao, mtindi, iliki na rojo la viazi, halafu unga uliochungwa pamoja na beking pauda, baikaboneti na chumvi. Geuza taratibu na uache mara unga unapopotea machoni.

Hatua ya tano: kuoka

Jaza vikombe vya karatasi hadi robo tatu, na uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 24. Kijiti ukikichoma katikati ili kupima kitatoka na chembe chembe zenye unyevu hata kikeki kikiwa kimeiva, kwa hiyo bonyeza juu kwa kidole: kilichoiva hurudi mahali pake.

Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, uupashe moto, weka trei juu yake, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, la sivyo vikeki vitaungua kitako kabla ya juu kushika. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa maana mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na uwaweke watoto mbali na sufuria.

Hatua ya sita: kupoza na kuhifadhi

Viache dakika 30 kabla ya kula, kwa sababu wanga wa viazi hukaza unapopoa, na kikeki kinachofunguliwa kingali cha moto huonekana kibichi hata kama kimeiva. Kila kimoja kina takriban gramu 20 tu za viazi, hivyo ni kitafunio, na kiazi cha sahani kibaki palepale kwenye mlo. Kwa kuwa kakao ina kafeini kidogo, ni vyema viliwe asubuhi au mchana. Vikeki hivi huharibika haraka kuliko keki kavu: katika joto la Dar es Salaam au Mombasa visikae nje zaidi ya siku moja, na kwenye friji hukaa siku tatu hadi nne. Unapomfungashia mtoto, hakikisha vimepoa kabisa kabla ya kufunga mfuniko, ili mvuke usigeuke maji ndani ya chombo.