Kuhamisha ngazi ya zege ndani ya nyumba: anzia juu, sio chini

Kazi hii inakuja sana kwenye nyumba za ghorofa moja hapa Dar, zile ukifungua mlango tu unapokelewa na ngazi katikati ya sebule, dining imebanwa huko nyuma na korido giza mchana kweupe. Mwenye nyumba anakwambia "fundi itoe hapa, isogeze kule pembeni", basi. Sawa, ila cha kujiuliza kwanza ni huko juu itatokea wapi.

Hatua ya 1: panda juu. Chora vyumba vya juu kwenye karatasi, tafuta ngazi itakapotokea bila kula chumba cha mtu, korido au ile sebule ndogo ndo penyewe. Ukishapata, toboa kitundu, shusha timazi (kamba yenye uzito chini) uone chini inaangukia wapi. Ikiangukia jikoni tafuta pengine.

Hatua ya 2: hesabu. Pima kutoka juu ya tailizi za chini mpaka juu ya tailizi za ghorofani, sio zege kwa zege, maana ukikosea hapo stepu ya kwanza au ya mwisho inatofautiana na wenzake na hiyo ndo inaangusha watu usiku. Tuseme umepata mita 3, gawa kwa 18, kila stepu inapanda sm 16.7, hata bibi anapanda vizuri tu. Mkanyagio, pale mguu unapokanyaga, weka sm 27. Mimi huwa nachukua kimo cha stepu mara mbili najumlisha mkanyagio, ikija kati ya sm 60 na 64 naendelea. Ngazi iliyonyooka hapo inakula karibu mita 4.6 na nyumba nyingi hazina huo urefu, kwa hiyo ikunje, stepu tisa kwa tisa na landingi (kituo bapa cha kugeukia) ya mita 1 katikati, unahitaji kama mita 3.2 kwa 2.2. Na juu ya kichwa ibaki mita 2 kila mahali, tundu la ngazi huko juu likiwa fupi litawagonga watu warefu vipaji vya nyuso.

Hatua ya 3: injinia na kibali. Hapa wengi wanakwepa eti ni nyumba yangu. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, ina nondo kuu zinazobeba mzigo, tundu lako refu lilale kufuata uelekeo wa hizo nondo ili ukate chache, na bimu (mihimili ya zege inayobeba slabu) usiikate kabisa. Chimbua kidogo chini ya slabu uone zimelalaje. Injinia aliyesajiliwa atakuchorea bimu za kuzunguka tundu, mchoro huo huo unaenda nao halmashauri kuombea kibali.

Hatua ya 4: tundu. Simamisha mirunda (miti ya kuegemezea) chini ya slabu kwanza, bimu mpya zimwagwe na zikomae, ndo ukate kwa mashine yenye diski ya almasi. Nyundo kubwa waachie wabomoaji, inatikisa slabu nzima na nyufa zinakuja kuonekana chumba cha tatu huko.

Hatua ya 5: ngazi mpya. Usiikalishe juu ya jamvi (zege la sakafu ya chini), kata jamvi uchimbe msingi mpaka udongo mgumu. Suka nondo, funga mbao, mwaga zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kuanzia stepu ya chini kupanda, siku moja bila kukatisha. Mwagilia maji siku 7, mirunda isitoke kabla ya wiki tatu, injinia akisema nne ni nne.

Hatua ya 6: sasa vunja ya zamani. Umeona imechelewa eeh? Ndo makusudi, familia inaendelea kupanda na kushuka muda wote huo, na huna mashimo mawili kwenye slabu moja bila kitu. Iwekee mirunda kwa chini, vunja kuanzia juu ukishuka.

Hatua ya 7: ziba. Parua kingo za shimo mpaka kokoto zionekane, toboa bimu za pembeni, puliza vumbi lote litoke, pandikiza nondo kwa gundi ya kemikali kwa kina alichoandika injinia, afu zege la unene ule ule wa slabu ya zamani. Vumbi likibaki kwenye matundu nondo haishiki, simama hapo mwenyewe usimwachie kibarua. Na mkitaka kugawa chumba juu ya hicho kiraka wekeni jipsam, ukuta wa tofali mpaka injinia awe ameuhesabu.