Jinsi Chemba ya Mawakili Inavyoweza Kuandaa Maombi ya Tuzo za Taaluma ya Sheria Uingereza

Kila mwaka chemba za mawakili nchini Uingereza, yaani ofisi za pamoja za mawakili wa mahakamani, huwania tuzo za taaluma ya sheria, na nyingi hukosa kuingia katika orodha ya wateule wa mwisho ingawa kazi zao ni nzuri, kwa kuwa aliyeandika maombi hakueleza ni kazi gani hasa iliyofanywa, ilifanywa na nani, na ilimletea nani haki aliyokuwa ameikosa. Mwongozo huu unamlenga mtu anayekabidhiwa jukumu hilo la kuandika, ambaye mara nyingi ni karani mkuu, ofisa wa mawasiliano au wakili kijana anayesifika kwa kalamu yake. Utawafaa pia mawakili wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliowahi kumkabidhi wakili wa London shauri la usuluhishi wa kibiashara, kwa sababu nao huombwa kuithibitisha kazi aliyoifanya.

Chemba haishindi kesi

Aliyezoea uwakili wa Afrika Mashariki anajua ofisi yenye wabia wanaogawana faida, ambamo wakili mmoja anaweza kumshauri mteja, kuandaa nyaraka na kusimama mahakamani. Uingereza kazi hizo kwa desturi zimegawanywa. Solisita humpokea mteja na kuliendesha shauri, kisha humtafuta wakili wa mahakamani, yule wa joho na wigi, aandike hoja na kuzitetea mbele ya jaji. Wengi wa mawakili hao wa mahakamani wamejiajiri wenyewe. Chemba ni mahali wanapochangia kodi ya jengo, mishahara ya makarani na gharama za kuwafunza wanagenzi, huku kila mmoja akibaki na wateja wake na hesabu zake. Makarani ndio wanaopokea kazi kutoka kwa masolisita, kupatana ada na kupanga nani yuko huru siku gani.

Kutokana na mpangilio huo, mawakili wawili wa chemba moja wanaweza kusimama pande mbili za kesi moja, jambo linalotokea hasa katika nyanja ambazo wataalamu wake ni wachache. Ndiyo maana sentensi kama "chemba yetu ilishinda rufaa hii" ni ya hatari: huenda mwenzenu wa ghorofa ya juu ndiye aliyeshindwa, na jopo la tuzo, ambalo aghalabu lina majaji wastaafu, masolisita na mawakili wakongwe, litaligundua hilo bila kutafuta sana. Andika majina ya wanachama waliofanya kazi, eleza upande waliousimamia, na kama chemba ilikuwa pande zote mbili sema hivyo waziwazi, ukiongeza jinsi makarani walivyotenganisha nyaraka za pande hizo. Binafsi naona maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko ushindi wenyewe, kwa sababu yanaonyesha chemba inayoaminika.

Kuna tahadhari nyingine inayotokana na kanuni za kazi. Wakili wa mahakamani aliyejiajiri hutakiwa kukubali shauri linaloletwa kwake na solisita ikiwa liko katika fani yake, ana nafasi na ada inafaa, hata kama hapendezwi na mteja. Kwa hiyo usiwasifu wanachama kwa kuwa wamechagua wateja wema, wala usiwaonee haya waliowatetea watu wanaochukiwa. Sifa iwe katika ubora wa kazi.

Kuchagua tuzo

Tuzo zinatofautiana katika namna ya kuingia. Tuzo za mawakili wa mahakamani zinazotolewa na Chambers and Partners hutegemea utafiti ambao wachapishaji hao huufanya kwa ajili ya mwongozo wao wa kila mwaka unaowapanga mawakili kwa ubora, na kwa hiyo maandalizi yake ni yale yale ya kupeleka taarifa za kesi na majina ya watu wa kuhojiwa miezi mingi kabla. Legal 500 nao ni wachapishaji wenye mwongozo wa namna hiyo na tuzo zao. Kwa upande mwingine, tuzo za gazeti la The Lawyer huhitaji maombi ya maandishi. Tuzo za mawakili wa msaada wa kisheria, zinazoandaliwa na Legal Aid Practitioners Group, huwapa nafasi watu ambao hutawaona katika karamu za mawakili wa biashara, na kwa chemba inayofanya kazi za uhamiaji, makazi au haki za wafungwa ndizo ningezitanguliza. Shirika la Advocate, lililoanzishwa mwaka 1996 ili kuwaunganisha wananchi wasio na uwezo na mawakili wa kujitolea, nalo hutoa tuzo kwa kazi zilizofanywa bila malipo.

Soma vigezo kabla ya kufikiria kesi. Angalia hasa kipindi kinachohusika, kwa sababu hukumu iliyotolewa wiki moja nje ya kipindi hicho haifai hata ikiwa kubwa namna gani.

Kueleza kazi moja vizuri

Jopo husoma maombi mengi kwa muda mfupi. Chemba inayoorodhesha kesi 15 kwa mstari mmoja mmoja hupitwa na ile iliyochagua mbili au tatu na kuzieleza hadi msomaji akaona ugumu ulikuwa wapi.

Tuchukue kesi ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu, ile iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kuhusu mateso waliyoyapata kizuizini wakati wa Mau Mau. Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba "mawakili wetu mahiri walishinda kesi ya kihistoria ya Mau Mau." Karibu kila neno la sentensi hiyo lina kasoro. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe aliikataa hoja ya serikali kwamba dhima yoyote ilihamia kwa Kenya huru na kwamba kesi ifutwe, lakini alichoamua ni kwamba madai yalikuwa na msingi wa kutosha kuendelea. Tarehe 5 Oktoba 2012, katika hukumu nambari [2012] EWHC 2678 (QB), aliamua kwamba madai ya Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara yanaweza kusikilizwa ingawa muda wa kisheria ulikuwa umepita kwa miongo mingi. Kisha tarehe 6 Juni 2013 serikali ilitangaza bungeni makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, bila kesi kamili kusikilizwa. Hakuna hukumu ya mwisho iliyosema nani alishinda.

Tena kazi haikuwa ya mawakili wa mahakamani peke yao. Ofisi ya masolisita ya Leigh Day ndiyo iliyoliendesha shauri, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi ya kiraia, ilishiriki tangu mwanzo, wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wao, na mafaili ya utawala wa kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, yalijitokeza kesi ikiendelea. Chemba iliyosimama upande wa wadai ingeandika hivi: "Wanachama wetu waliandika na kutetea hoja zilizomfanya jaji akubali kwamba, kwa kuwa nyaraka za wakati huo zilihifadhiwa kwa wingi, kesi ya haki bado inawezekana baada ya zaidi ya miaka 50." Sentensi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini inamweleza msomaji wakili alifanya nini, tatizo lilikuwa lipi na lilitatuliwa kwa njia gani, na haimnyang'anyi mtu mwingine jasho lake.

Fuata utaratibu huo kwa kila kazi utakayoichagua: taja swali la kisheria kwa lugha ambayo solisita wa fani nyingine ataielewa, taja kikwazo, taja hatua iliyochukuliwa na mwanachama wenu, kisha taja matokeo kama yalivyoandikwa katika hukumu, pamoja na nambari yake ili jopo liweze kuisoma. Kama wakili alishindwa lakini akaibua hoja ambayo baadaye ilikubaliwa na mahakama ya juu, hiyo nayo ni kazi ya kutajwa. Kuhusu vyeo, kumbuka kwamba wakili mwandamizi aliyeitwa Wakili wa Malkia akawa Wakili wa Mfalme tarehe 8 Septemba 2022, Malkia Elizabeth alipofariki, na maelezo ya kesi za kabla ya siku hiyo yaheshimu cheo kilichokuwapo.

Ikiwa kipengele kinahusu mafunzo au usawa, hesabu zinasema zaidi kuliko sera. Uanagenzi wa wakili wa mahakamani huchukua kwa kawaida miezi 12, kwa hiyo jopo litataka kujua chemba inalipa kiasi gani, wangapi walimaliza, wangapi walibaki kuwa wanachama, na nani aliyewasimamia.

Siri na ridhaa

Hapa ndipo pasipofanyiwa haraka. Siri ya mteja ni mali ya mteja, na kanuni za Bar Standards Board, chombo kinachosimamia mawakili wa mahakamani, zinamtaka wakili aitunze. Kesi iliyosikilizwa hadharani inaweza kutajwa kwa yale yaliyosemwa hadharani. Ushauri uliotolewa faraghani, masharti ya makubaliano na mikakati haviingii katika maombi bila ridhaa ya maandishi, inayopatikana kupitia kwa solisita. Baadhi ya fomu zina sehemu ya mambo yasiyochapishwa, lakini sehemu hiyo haiondoi wajibu wa kuomba ridhaa, kwa sababu anayesoma bado ni mtu wa nje.

Mashauri ya watoto yanahitaji uangalifu wa pekee. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 kinakataza kuchapisha habari zinazoweza kumtambulisha mtoto aliye katika shauri, na chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Utoaji Haki ya mwaka 1960 kuchapisha habari za shauri kama hilo lililosikilizwa faragha kunaweza kuwa kosa la kuidharau mahakama. Mwathirika wa kosa la kingono naye analindwa asitambulishwe kwa muda wote wa uhai wake kwa sheria ya mwaka 1992. Kuondoa jina pekee hakutoshi. Mji mdogo, umri, kazi ya mzazi na tarehe ya hukumu vikikaa pamoja vinaweza kumfichua mtu aliyekusudiwa kufichwa, basi mpe maandishi mwanachama asiyeijua kesi, umuulize kama angeweza kumtambua mhusika.

Mteja akikataa, jambo limekwisha. Asibembelezwe, na asielezwe kwamba tuzo itamsaidia.

Watu wa kuthibitisha

Chagua masolisita waliofanya kazi nanyi karibuni, si wenye majina makubwa. Waombe ruhusa kwanza, waambie ni kesi zipi mmezitaja na lini watatafutwa, lakini usiwaandikie maneno ya kusema. Wakili wa Dar es Salaam anayeombwa kuthibitisha kazi ya mwenzake wa London afanye vivyo hivyo kwa upande wake: aeleze alichokiona, kama vile jinsi hoja zilivyofika kwa wakati au shahidi alivyohojiwa, na ayaache yale aliyoyasikia kwa wengine.

Baada ya kuteuliwa

Jina likitoka katika orodha, wajulishe kwanza wateja na masolisita waliotoa ridhaa, ndipo mtangaze. Tangazo liseme kwamba chemba "imeteuliwa kuwania" tuzo, litaje kipengele na mwaka, na libaki hivyo hivyo hadi matokeo, kwa kuwa kanuni zinamkataza wakili kuwapotosha watu kuhusu huduma zake. Soma pia masharti ya nembo ya tuzo, kwani baadhi ya waandaaji hutoza ada ya kuitumia.

Meza ya karamu ina gharama, na chemba ndogo haina haja ya kujibana kuinunua kama waandaaji hawalazimishi. Ikinunuliwa, viti visiwe vya Mawakili wa Mfalme tu. Mpeni nafasi karani aliyepanga ratiba ya kesi hiyo na mwanagenzi aliyekesha akitafuta nukuu za hukumu.

Wakati huohuo, karani afungue faili la mwaka unaofuata. Kila hukumu inapotoka, aweke humo nambari yake, majina ya wanachama waliohusika, aya fupi ya swali lililoamuliwa na barua ya ridhaa, wakati solisita bado anakumbuka kesi na mteja bado anapatikana kwa simu.