Diski ya seva imejaa: anzia hapa

Nahudumia seva ya Linux ya duka la jumla Kariakoo, na simu ninayopigiwa zaidi ni hii: "Kaka, mfumo umegoma kutoa risiti." Usikimbilie kuzima na kuwasha. Andika `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Ukiona `/` (shina la mfumo mzima) imefika 100%, umeshajua pa kushika. Nafasi ikiwepo na bado mfumo unalalamika kwamba diski imejaa, andika `df -i`. Huenda vifaili vidogo vidogo vimemaliza ainodi, yaani nafasi za kusajili mafaili; kila faili hutumia moja.

Sasa mtafute mlaji, yaani folda inayokula nafasi:

`sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h`

Mstari wa mwisho ni jumla. Wa juu yake ndiye mlaji. Ingia humo, rudia. Mara nyingi utaishia `/var/log`, folda ya logi (mafaili ambamo programu huandika kumbukumbu za kazi zake).

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Ukifuta logi kwa `rm` wakati programu bado imeifungua, jina linapotea lakini nafasi hairudi mpaka programu iliachie faili. `sudo lsof +L1` itakuonyesha mafaili ya namna hiyo na nani ameyashikilia. Washa upya programu hiyo tu, maana wateja wako kaunta wanasubiri. Mimi logi inayoandikwa siifuti kabisa. Naweka nakala yake kwingine, kisha naiacha tupu:

`sudo truncate -s 0 /var/log/mauzo.log`

Logi za systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) zipunguze kwa `sudo journalctl --vacuum-size=200M`.

Jioni duka likifungwa, angalia `/etc/logrotate.d/` (mipangilio ya logrotate, programu inayozungusha na kufuta logi za zamani) kama logi iliyokusumbua imo. Kama haimo, iongeze siku hiyo hiyo.