Presha, sukari, kizazi: dada anza kupima hivi

Dada zangu na mama zetu, haya magonjwa yasiyoambukiza yaani presha, kisukari, moyo, saratani, ubaya wake ni ukimya. Presha inaweza kukaa mwilini miaka na kichwa hakiumi, mwanamke anaamka alfajiri anafungua genge, anahangaika na kliniki za watoto, yeye mwenyewe mara ya mwisho kupimwa ni kwenye ujauzito. Usisubiri dalili. Anza na kipimo.

Presha usipime ukiwa ndo umeshuka kwenye bodaboda unahema. Nusu saa kabla usinywe kahawa, nenda kakojoe, halafu kaa kwenye kiti dakika 5 umeegemea, miguu yote chini usikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo na ule mkanda ufungwe kwenye ngozi sio juu ya sweta, na usiongee mashine ikiwa inapima. Pima mara 2, katikati subiri dakika moja. Ikisoma 140/90 au zaidi usikimbilie dawa za jirani, rudia siku nyingine, ikibaki hukohuko juu hiyo ndo presha, anza matibabu na usiache vidonge kisa unajisikia vizuri maana kujisikia vizuri sio kwamba presha imeisha, ni hivyo vidonge vinaishikilia chini. Ikifika 180/120 nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa kama kifua kinabana au macho hayaoni vizuri.

Sukari pima asubuhi hujala kitu, 7 (mmol/L) kwenda juu ni ya kufuatilia haraka. Na hapa nasisitiza: kama ulipata kisukari cha mimba au kifafa cha mimba, hata kama baada ya kujifungua kila kitu kilirudi sawa, hatari yako ni kubwa kuliko ya wenzako, wengi hawaambiwi hili jamani. Mwambie daktari, na mwaka usipite hujapima presha na sukari.

Kiuno chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, soma. Mwanamke akivuka sentimita 80 aanze kuwa makini, akivuka 88 hatari imeongezeka sana, hata kama watu wanamsifia kanawiri.

Sasa jikoni. Mtu mzima anatakiwa asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo kuna chumvi ya mkate na vile viungo vya pakti vya kuungia mchuzi. Fanya hivi, ukifungua pakti ya chumvi ya nusu kilo andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu wazima 5 ikimaliza pakti hiyo kabla ya siku 20, mmeshapitiliza, na kama kuna watoto basi ilitakiwa ikae zaidi ya hapo. Punguza kidogokidogo, weka ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, na kopo la chumvi litoke mezani. Soda moja ya kawaida ina sukari karibu gramu 35, hiyo iwe ya sherehe tu.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki, kutembea haraka kunatosha, mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi.

Kizazi nacho. Ukiwa na miaka 30 hadi 50 nenda kapime mlango wa kizazi hata kama huumwi, wanapaka siki kidogo wanaangalia, ni dakika chache, na wakikuta mabadiliko yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Anayeishi na VVU anaanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Na binti yako wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, uliza kituo cha afya kilicho karibu au shuleni kwake wanachanja lini.