Jinsi ya Kulisoma Jengo la Monadnock, Chicago

Anzia kwenye kona ya barabara za Jackson na Dearborn, mbele ya nusu ya kaskazini ya jengo, iliyobuniwa na msanifu John Root na kukamilika mwaka 1891. Kabla ya kutazama juu, chunguza madirisha ya chini na upime kwa macho jinsi yalivyozama ndani ya ukuta. Hapo utaielewa siri yote ya jengo: kuta za nje za matofali hujibeba zenyewe hadi ghorofa ya 16, na kwa sababu hiyo zilihitaji unene wa takriban mita 1.8 zinapokutana na ardhi.

Kisha fuata ukuta unavyopinda taratibu kuingia ndani juu ya ghorofa ya kwanza na kutanuka tena kileleni. Usitafute nakshi, kwa kuwa wamiliki, akina Brooks wa Boston, hawakutaka mapambo. Uzuri umo katika mkunjo huo na katika madirisha yanayochomoza, nami sijui ukuta wa matofali uliotulia kuliko huu.

Tembea sasa kusini, hadi sehemu iliyobuniwa na wasanifu Holabird na Roche, ya mwaka 1893. Mzigo wake unabebwa na fremu ya chuma, nayo matofali yamebaki kuwa vazi tu. Linganisha nguzo za ukuta baina ya madirisha ya pande hizo mbili.

Mwisho, ingia ndani uzione ngazi za nusu ya kaskazini, ambazo ni miongoni mwa kazi za kwanza za alumini katika ujenzi.